Kosa si la Mama

Hapa kwetu Nduguti, mwanamke akijifungua mtoto mwenye ualbino, swali la kwanza halimhusu mtoto. Watu hawaulizi kama ananyonya vizuri wala kama ana uzito wa kutosha. Wanauliza, "Mama yake alifanya nini?" Na majibu huwa tayari. Ati alimcheka zeruzeru alipokuwa mjamzito, Mungu akamlipa. Ati alitembea na mzungu. Ati ukoo wao una laana ambayo waliificha wakati wa kupokea mahari. Mume huchukua kofia yake akaenda kwa kaka yake kutafakari, na kutafakari kwenyewe ndiko kunakuwa kuondoka moja kwa moja.

Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Mwaka 2018 yalitokea nyumba ya nne kutoka kwangu, na mwaka 2025 yule mtoto, binti, alipoanza darasa la kwanza, lilitokea jambo jingine paredi ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nitalieleza baadaye. Kwanza nataka msomaji ajue ninagombana na nani. Sigombani na mabibi wasiopata kwenda shule. Hao walisema walichorithi, na hakuna aliyewapa kingine. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma, hasa sisi walimu, na katika walimu hao wa kwanza kushtakiwa ni mimi mwenyewe.

Mwaka 1987 nilikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu, kabla sijawa mkuu wake. Nilikwenda kumkagua mwanachuo aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari. Somo lilikuwa biolojia, kidato cha nne, mada ya urithi. Kijana alifundisha vizuri mno. Alichora ubaoni njegere za Gregor Mendel, yule mtawa aliyechapisha utafiti wake mwaka 1866: njegere ndefu na fupi, za mviringo na zenye makunyanzi. Aliandika herufi kubwa na herufi ndogo, akaonyesha jinsi sifa inavyoweza kujificha kwa wazazi wawili kisha ikajitokeza kwa mtoto. Dakika arobaini zilikwisha bila kengele kumkuta katikati ya sentensi.

Dawati la nyuma kabisa alikaa mvulana mwenye ualbino. Alikuwa amekunja macho na kuinama juu ya daftari la jirani yake, akinakili, maana ubao hakuuona. Sifa iliyojificha kwa wazazi wawili na kujitokeza kwa mtoto ilikuwa imekaa mle darasani, ina daftari na kalamu, na hakuna aliyeitaja. Hakuna mwanafunzi hata mmoja katika chumba kile aliyewahi kuiona njegere ya Mendel. Wote walikuwa wakimwona mwenzao kila siku, na jioni walirudi nyumbani kusikia kuwa mama yake alimcheka zeruzeru. Mimi niliandika katika fomu ya ukaguzi: "Matumizi ya ubao mazuri sana." Nikampa mwanachuo alama ya A, nikapanda basi.

Huo ndio ubaya wa elimu tuliyoitoa. Haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli kuhusu njegere.

Sasa nirudi kwa jirani. Yule mume alipoondoka mwaka 2018, baba yake alikuja kibarazani kwangu jioni, akakaa muda mrefu bila kusema. Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu hapa. Niambie wewe, jambo hili limeingilia wapi?" Nilikuwa nimestaafu miaka kadhaa, na hilo lilikuwa swali la kwanza la maana nililoulizwa tangu nistaafu. Nilimjibu kwa kamba ya kisima, nami nitamjibu msomaji kwa kamba hiyo hiyo, ila hapa nitaongeza mambo ambayo mzee mwenzangu sikumchosha nayo.

Katika kila seli ya mwili mna uzi wa urithi, DNA, ambao wengi sasa wanauita vinasaba. Uzi huo umeandikwa kwa herufi nne tu, lakini herufi hizo zimepangwa zikafika bilioni 3 katika nakala tunayoipata kwa baba, na nyingine bilioni 3 katika nakala tunayoipata kwa mama. Watu wengi waliosoma hufikiri kwamba maandishi haya yametulia kama Biblia kabatini. La hasha. Yanaharibika kila siku. Jua linayaharibu, moshi wa sigara unayaharibu, hata maji yaliyomo mwilini na oksijeni tunayovuta ili tuishi vinayaharibu. Katika kila seli, hitilafu za siku moja huhesabiwa kwa maelfu mengi. Kama uzi ungekuwa hauna mafundi, tusingefika hata kuzaliwa.

Mafundi wapo. Mwaka 2015 Tuzo ya Nobel ya kemia ilitolewa kwa watu watatu walioeleza kazi ya mafundi hao: Tomas Lindahl, mzaliwa wa Uswidi, Paul Modrich wa Marekani, na Aziz Sancar aliyezaliwa katika mji mdogo wa Savur nchini Uturuki. Sancar huyo ni mtoto wa wazazi wasiojua kusoma na kuandika. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa ajili ya walimu wanaosema kwamba mtoto wa mkulima wa alizeti hawezi kuelewa mambo haya.

Uzi wa DNA ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa, na kila uzi unafuata wenzake herufi kwa herufi. Upande mmoja ukiharibika, fundi anakata kipande kibovu, akasoma upande wa pili, akajaza pengo. Hapo kazi hutoka safi. Taabu huja pande zote mbili zinapokatika mahali pamoja, maana hakuna tena wa kunakili kutoka kwake palepale. Hapo seli ina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kutafuta nakala nyingine ya uzi huo na kujaza kwa kuifuata. Ya pili ni kushika ncha mbili zilizobaki na kuziunga, basi. Njia hii ni ya haraka, na mara nyingine herufi kadhaa hupotea kwenye kiungo. Si uzembe. Kamba iliyokatika ikiachwa hivyo, seli yaweza kufa.

Kila aliyewahi kuteka maji kisimani anajua yatokeayo baadaye. Kamba ikikatika, mwenye haraka hufunga fundo. Kamba inashika vizuri, lakini imepungua dhiraa moja. Siku kisima kikishuka, ndoo haifiki majini. Na anayekuja kusuka kamba mpya kwa kupima ile ya zamani, naye atasuka fupi, na mwanawe baada yake vivyo hivyo, bila mmoja wao kuwa na kosa.

Katika kromosomu ya 15 kuna jeni iitwayo OCA2, ambayo kazi yake ni kusaidia vifuko vya rangi vilivyomo ndani ya seli za ngozi, nywele na macho vitengeneze melanini, yaani ile rangi yetu nyeusi. Mwaka 1994 wataalamu walieleza kwamba kwa watu wengi wenye asili ya Afrika walio na ualbino, jeni hiyo ina pengo la herufi zipatazo 2,700. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa juu ya wagonjwa kutoka hapa hapa Tanzania: takriban robo tatu ya jeni zao zenye hitilafu zilikuwa na pengo lile lile. Upungufu wa namna hii hutokea uzi unapokatika na ncha zikaungwa bila kipande cha kati, au nyuzi mbili zinazofanana zinapopishana vibaya wakati wa kubadilishana vipande.

Zingatia maneno "lile lile". Pengo linaanza kwenye herufi zile zile na kuishia kwenye herufi zile zile, kwa Mtanzania, kwa mtu wa Kameruni, kwa mtu wa Zimbabwe na Afrika Kusini, na kwa Mmarekani mweusi ambaye mababu zake walivushwa bahari kwa minyororo. Fundo la namna moja haliwezi kufungwa na watu maelfu mbalimbali, kila mmoja kwa mkono wake. Lilifungwa mara moja, ndani ya mwili wa mtu mmoja, kabla mababu zetu hawajatawanyika barani, na wataalamu wanakadiria kuwa zaidi ya miaka 2,000 imepita tangu hapo. Tangu siku hiyo limekuwa likinakiliwa kwa uaminifu.

Sasa nawauliza wanaojua kushitaki: mwanamke wa Nduguti aliyejifungua mwaka 2018 alihusikaje na jambo lililotokea kabla ya Wanyiramba kuitwa Wanyiramba?

Iko sehemu ya pili ya hoja, na hii ndiyo wanaume hawapendi kuisikia. Kila mtu ana kamba mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikiwa fupi na nyingine ikifika, maji yanatekwa, na mwenye nazo ni mweusi kama wengine, hajui lolote. Ndoo hukosa maji pale tu kamba zote mbili zikiwa fupi. Kwa hiyo mtoto mwenye ualbino amepokea kamba fupi kutoka pande zote mbili. Mume anayeondoka nyumbani ili kuukimbia ukoo wenye laana anaondoka na laana hiyo hiyo katika kila seli ya mwili wake, akifika anakokwenda anayo. Robo iliyobaki ya jeni zile, ambayo haina pengo hili, ina hitilafu nyinginezo, lakini urithi wake ni wa namna hiyo hiyo, kwa baba na kwa mama.

Nilipomwambia mzee mwenzangu maneno hayo, alitoa ugoro wake, akauangalia, akaurudisha mfukoni. "Una maana mwanangu anayo?"

"Anayo. Na ameipata kwako au kwa mama yake."

Hakunikasirikia. Alikaa tena, kisha akauliza jambo ambalo mwanafunzi wangu hata mmoja hakuwahi kuniuliza: "Na wewe?"

Hesabu ya jambo hilo ni nyepesi, na ninashangaa kwa nini haimo katika kila daftari la kidato cha nne. Wataalamu wamekadiria kuwa Tanzania ina mtoto mmoja mwenye ualbino katika kila watoto 1,400 hivi. Ukitafuta kipeuo cha pili cha 1,400 unapata kama 37. Maana yake, katika kila kamba 37 moja ni fupi, na kwa kuwa kila mtu ana mbili, basi takriban mtu mmoja katika kila watu 19 amebeba moja. Shule yenye wanafunzi 600 ina wabebaji kama 30 wanaokimbia uwanjani. Kanisa likijaa, wamo. Halmashauri ya kijiji ikikaa, pengine yumo. Kwa hiyo nilimjibu mzee kwamba mimi pia naweza kuwa naye, kwani sijapimwa wala sioni sababu ya kupimwa.

Wapo wasomi ambao wakifikishwa hapa husema, "Sawa, si uchawi, ni kasoro ya vinasaba." Husema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Hawa wananiudhi kuliko wale wa laana, kwa sababu wamebadili neno tu wakaacha dharau palepale. Kila mtoto anayezaliwa, awe wa waziri au wa mchunga mbuzi, anakuja na mabadiliko mapya kama 60 au 70 ya herufi ambayo baba hakuwa nayo wala mama. Na zaidi ya hayo, askari wa damu wanaotulinda na maradhi hupata silaha zao kwa seli kukata DNA yake yenyewe na kuiunga upya kwa mpangilio mwingine. Asingekuwapo wa kukata na kuunga, homa ya kwanza ingetumaliza. Hakuna mwenye uzi usio na kiraka. Anayewatazama wenzake kutoka juu kwa ajili ya usafi wa vinasaba vyake hajavisoma.

Wala sisemi kwamba ualbino hauna taabu. Una taabu mbili, zote za kweli, na zote twaweza kuzipunguza kwa mambo madogo tunayokataa kuyafanya. Ya kwanza ni macho. Melanini inahitajika jicho linapojengeka tumboni. Ikikosekana, jicho halioni mbali sawasawa, na miwani husaidia kwa sehemu tu. Mtoto huyu si mjinga. Akae mbele na apewe karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa. Yule mvulana wa 1987 alihitaji kuhamishwa hatua nane tu kutoka nyuma kwenda mbele, na mimi niliyekuwa nimekaa dawati la jirani sikumhamisha.

Ya pili ni jua. Mwanga wa jua ukigonga DNA, hugandisha herufi mbili zinazokaa jirani, zikashikana kama kurasa zilizolowa. Fundi hukata kipande cha herufi kama 30 chenye mgando, akajaza upya. Sote hufanyiwa kazi hiyo tukiwa shambani. Lakini sisi wengine tuna melanini iliyokaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli, nayo hupunguza idadi ya migando. Mafundi wa mtoto mwenye ualbino ni wazima kama wangu. Kazi ndiyo inayowazidi. Mwaka baada ya mwaka, migando mingine hupita bila kutengenezwa, herufi zinanakiliwa vibaya, na siku moja seli ya ngozi inasahau kuacha kukua. Hiyo ndiyo saratani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985, juu ya watu wapatao 350 wenye ualbino, ulionyesha jinsi ngozi inavyoanza kuharibika tangu utotoni na jinsi saratani inavyowawahi wangali vijana. Kinga yake ni kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, kivuli, na mafuta ya kukinga jua kama yale yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa na kutengenezwa Moshi, KCMC. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji mganga.

Nimemtaja mganga. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa ambayo ni jirani zetu, makumi ya watu wenye ualbino waliuawa na viungo vyao kuuzwa kwa wanaotafuta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi Bungeni akilizungumzia. Wengi tulidhani yamekwisha. Mwaka 2024, kule Muleba, mtoto wa kike ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alichukuliwa mikononi mwa mama yake, akaja kuonekana amekufa, viungo vimekatwa. Sisi wa Singida hatuna haki ya kujifanya wageni wa biashara ya namna hii. Wazee wa hapa wanakumbuka simulizi za watu-simba wa miaka ya 1940, watu waliokodishwa kuua usiku, kisha asubuhi lawama akatupiwa mnyama.

Tunawalaani wauaji, na ni haki. Lakini muuaji hakuzua imani yake mwenyewe. Aliikuta. Mtu anayesema kwamba mtoto huyu alikuja kwa njia isiyo ya kawaida, kwa kicheko, kwa laana, kwa mzimu, amekwisha kumtoa mtoto katika hesabu ya watoto. Mganga humalizia tu sentensi. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba kumsema mama ni maneno ya kina mama kisimani, yasiyodhuru. Na mwalimu anayejua ukweli huu akanyamaza kwa sababu haumo katika mtihani wa taifa, naye ana sehemu yake.

Sasa lile la paredi. Binti wa jirani yangu aliambiwa avue kofia, kwa kuwa kofia si sehemu ya sare. Paredi ya asubuhi, kwa matangazo, nyimbo na ukaguzi wa kucha, inaweza kuchukua nusu saa na zaidi, na jua la Nduguti halina aibu hata saa mbili asubuhi. Babu yake, mzee yule yule wa kibarazani, ndiye aliyempeleka shule, maana mwanawe hakurudi mpaka leo. Alikuja kwangu akiwa na kofia mkononi. Nilikwenda shuleni. Mwalimu niliyemkuta ni kijana mwenye diploma, ana adabu, alinipa kiti. Akasema, "Shikamoo mwalimu. Shida ni kwamba tukimruhusu mmoja, wote watataka." Nikamuuliza kama wote wana ngozi ile. Akatabasamu, akasema ni utaratibu. Nikamuuliza urithi alifundishwa vipi. Akanitajia njegere.

Nimeandika barua ya maombi. Nimejibiwa kwamba ipitie kwanza kwa Afisa Elimu Kata. Wakati tukisubiri, bibi yake amemshonea binti kofia nyingine yenye ukingo mpana, kwa kitambaa cha bluu kilichobaki kwenye sketi, ili aliye mbali adhani ni sare.